Igongee Kadi Kengele Mara Moja: Vidokezo kwa Waandishi wa Draiva za Mtandao

Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 inaweza kupitisha pakiti milioni 14.88 kwa sekunde zikiwa zile ndogo kabisa, za baiti 64. Ukihesabu na baiti 20 za utangulizi na nafasi ya kutenganisha pakiti, kila moja inakaa kwenye waya nanosekunde 67.2. Kwa prosesa ya gigahezi 3 hiyo ni mizunguko kama 200, na ndani yake unatakiwa uipokee pakiti, uiangalie, uipeleke panapohusika na usafishe nyuma yake. Hamia kwenye gigabiti 100 na unabakiwa na mizunguko 20.

Waandishi wapya wa draiva, hasa waliotokea kwenye programu za kawaida, hukimbilia kubana matumizi pasipo na gharama. Wanapunguza masharti, wanakunjua vitanzi, wanabishana kuhusu kuzidisha na kugawanya. Hesabu za ndani ya prosesa ni za bei poa. Pesa inaliwa pale msimbo unapovuka njia ya PCI Express kwenda kwenye kadi yenyewe, na vidokezo hivi vinahusu mvuko huo tu. Mifano mingi ni ya Linux kwa kuwa msimbo wake uko wazi, na usiponiamini unaweza kuufungua ukajionea.

1. Kuandika sawa, kusoma acha

Rejesta za kadi zimepachikwa kwenye anwani za kumbukumbu, kwa hiyo ukiziangalia kwenye skrini kusoma na kuandika ni kama mapacha: `readl` hapa, `writel` pale. Njiani hayafanani hata kidogo. Ukiandika, prosesa inakabidhi ujumbe na kuendelea na shughuli zake, maana hakuna jibu linalosubiriwa. Ukisoma, ombi linasafiri hadi kwenye kadi, kadi inaitafuta thamani, jibu linarudi, na muda wote huo prosesa imekwama inangoja. Safari hiyo inakula mamia ya nanosekunde, na kukiwa na madaraja njiani inaweza kukaribia maikrosekunde nzima. Sasa kumbuka zile 67.2. Kusoma mara moja tu kumekuharibia bajeti ya pakiti kadhaa.

Utajuaje basi kwamba kadi imemaliza kutuma? Mgeni wa fani ataisoma rejesta ya kichwa cha pete (ile foleni ya duara yenye deskripta, yaani maelezo ya pakiti), ambayo kwa kadi za Intel inaitwa TDH. Mzoefu haigusi. Kadi yenyewe ikimaliza na deskripta huwasha biti ya DD ndani ya deskripta hiyohiyo, iliyoko kwenye RAM ya kompyuta. Prosesa inaangalia RAM yake, na kadi imeshagharamia safari. Ukiona draiva ya kasi inayosoma TDH ndani ya njia ya pakiti, hapo pana jambo la kuuliza.

Kanuni ni hiyohiyo kwa kila ulichokiandika mwenyewe. Kama ni wewe uliyewasha na kuzima biti za ukatizaji, huna sababu ya kuiuliza kadi ziko vipi. Tunza nakala kwenye struct ya draiva, ibadilishe nakala, kisha iandike. Mkia wa pete nao ni hivyo hivyo: draiva ndiyo iliyousogeza, kwa hiyo inajua ulipo.

Na ukilazimika kusoma ukapata 0xFFFFFFFF, yaani biti zote 32 zimewaka, usiichukue kama thamani halali. Mara nyingi maana yake ni kwamba kadi haipo tena: imechomolewa, au kiungo kimekatika. Draiva ya igb hulichunguza hilo kila inaposoma rejesta.

2. Jaza fungu, ndipo ugonge

Draiva ikitaka kutuma, hupanga deskripta kwenye pete iliyoko RAM, kisha huandika namba ya nafasi mpya kwenye rejesta ya mkia. Kuandika huko ndiko wanafani wanakokuita kengele. Kadi ikiisikia, inakuja yenyewe kuchukua deskripta. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mkia unaweza kuruka nafasi 32 kwa mpigo mmoja na kadi ikaelewa bila tatizo lolote.

Kugonga si bure, ijapokuwa nimesema kuandika ni rahisi kuliko kusoma. Thamani unayoipeleka ni ya baiti 4, lakini kwenye PCI Express inavishwa bahasha ya baiti 20 hadi 24: kichwa cha ujumbe, namba ya mfuatano, hesabu ya kuhakiki makosa. Umetuma gunia kupeleka punje. Zaidi ya hapo, bafa ya uandishi ya prosesa ina nafasi chache, na ukiijaza kengele zisizokwisha, kazi nyingine zinaanza kupanga foleni nyuma yake.

Watumiaji wa DPDK, maktaba ya kushughulikia pakiti nje ya kerneli, walilipata hili mapema kwa sababu kazi ya kutuma huko inapokea safu nzima ya pakiti, mara nyingi 32, na kengele inagongwa mwishoni. Kerneli ya Linux ilichelewa kidogo, kwani ilizoea kuikabidhi draiva pakiti mojamoja, na draiva haikuwa na namna ya kujua kama nyingine ziko nyuma. Toleo la 3.18, la Desemba 2014, lilileta alama ya `xmit_more`, kazi iliyoongozwa na David Miller. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 unaipata kupitia `netdev_xmit_more()`:

```
if (netif_xmit_stopped(txq) || !netdev_xmit_more())
        writel(i, tx_ring->tail);
```

Watu husikia mafungu wakaogopa ucheleweshaji. Hofu hiyo hapa haina msingi, kwa kuwa `xmit_more` haisubiri pakiti ambazo huenda zikaja. Ni kama konda wa daladala anayemzuia dereva kwa ajili ya abiria anayemwona anakimbilia kituoni. Ambaye hajaonekana hasubiriwi. Pakiti ya pekee inaondoka hapohapo. Fungu linatengenezwa tu pale mzigo unapokuwepo tayari, na hapo ndipo unapolihitaji.

Sasa mtego, na ni mtego ulionasa draiva za makampuni makubwa. Chukulia umepewa pakiti nane. Saba za kwanza zimekuja na taarifa kwamba nyingine inafuata, kwa hiyo hukugonga. Ya nane imekataliwa: imeshindikana kuipatia anwani ya DMA, unaitupa na kurudi. Nani atagonga kwa ajili ya zile saba? Zitakaa kwenye pete mpaka pakiti nyingine itokee, na mtandao ukiwa umetulia huenda hilo lisitokee upesi. Kila tawi la makosa ndani ya kazi ya kutuma lijiulize kama lina deni la kengele. Sharti la `netif_xmit_stopped` hapo juu lina sababu hiyohiyo: foleni ikisimamishwa kwa kujaa, hakuna pakiti itakayofuata kuja kukulipia. Na kama draiva yako inatumia BQL, ule utaratibu wa kuwekea foleni kikomo cha baiti ulioingia kwenye toleo la 3.3 mwaka 2012, iache `__netdev_tx_sent_queue()` ikujibu kama ugonge au la, maana inaangalia yote mawili.

3. Upande wa kupokea, rudisha kwa kumi na sita

Bafa tupu unazoirudishia kadi nazo zina mkia wake. Usizirudishe mojamoja. Draiva za ixgbe na e1000e zinasubiri hadi 16 zitimie ndipo ziandike mkia. Pete ya kupokea ikiwa na nafasi mamia, kumi na sita hazitaiacha kadi na njaa.

4. Jua `writel` inakufanyia nini kisirisiri

Kumbukumbu ya kompyuta na rejesta za kadi ni pande mbili zisizoahidiana chochote kuhusu mpangilio. Umeandika deskripta kwenye RAM, ukagonga kengele. Je, kadi ikija kusoma deskripta itaikuta? Kwenye x86 ndiyo, kwa sababu prosesa hizo hutunza mpangilio wa kuandika, na `writel` huishia kuwa amri moja ya mov pamoja na onyo kwa kompaila isichanganye mistari. Kwenye ARM au POWER prosesa ina ruhusa ya kuipitisha kengele mbele ya deskripta, na kadi ikasoma takataka za mzunguko uliopita.

Ndiyo maana `writel` ya Linux inaahidi kwamba kila ulichokiandika kwenye kumbukumbu ya DMA kabla yake kitaonekana na kifaa kabla kengele haijafika. Kizuizi kimo ndani. Ukikutana na msimbo wenye `wmb()` na mstari unaofuata ni `writel`, mara nyingi umelipa mara mbili. Kwenye x86 `wmb()` ni amri ya sfence, na unaweza kuifuta ukapata mizunguko yako bila jasho.

`writel_relaxed` ndiyo isiyo na kizuizi hicho. Inafaa pale unapoandika rejesta kumi mfululizo za kuandaa kadi na hakuna DMA inayohusika. Itumie kwa hizo zote, kisha ya mwisho, ile inayoanzisha kazi, iwe `writel` kamili. Usiipeleke kwenye kengele kwa sababu umesoma mahali kwamba ni ya haraka. Itafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako ya mezani, kisha itaanza kuharibu pakiti kwenye seva ya ARM ya mtu mwingine, mara moja baada ya saa kadhaa, na hakuna atakayekushukuru.

Kuna kadi zinazohitaji uangalifu zaidi. Za Intel zinafuata mkia, kwa hiyo deskripta zilizo mbele ya mkia haziguswi. Za Realtek zinazoendeshwa na draiva ya r8169 zinatumia biti ya umiliki ndani ya deskripta, na kadi inaweza kuisoma wakati wowote inapopita, kengele au bila kengele. Hapo jaza anwani na urefu kwanza, weka `dma_wmb()`, ndipo uwashe biti ya umiliki. Hicho ni kizuizi chepesi kilichoongezwa mwanzoni mwa 2015, na kazi yake ni hiyo hasa: kupanga maandishi mawili yote yakiwa RAM. Kwenye x86 hakizalishi amri yoyote.

5. Pointa tupu ziache

`*(volatile u32 *)p = v` itakompailika na huenda ikafanya kazi. Lakini `volatile` inamfunga kompaila peke yake. Prosesa haina habari nayo. Haigeuzi mpangilio wa baiti kwenye mashine zinazoanza na baiti kubwa, wala haiambii kifaa cha ukaguzi cha sparse kwamba anwani hiyo ni ya `__iomem`. Tumia vilivyopo. Na `memcpy` ya kawaida usiielekeze kwenye kadi kamwe: inaweza kuandika eneo lilelile mara mbili, au kwenye anwani zisizopangika, jambo ambalo arm64 hulijibu kwa kuangusha mfumo. `memcpy_toio` iliandikwa kwa ajili hiyo.

6. Ukiwa na mengi ya kuandika, yaandike kama bamba moja

Hapa ndipo pananivutia kuliko kote.

Kwa desturi kadi inaambiwa "njoo uchukue": kengele inakwenda, ombi la deskripta linarudi RAM, deskripta inakwenda, ombi la data linarudi, data inakwenda. Pakiti moja ndogo imesababisha safari mbili za kusoma kutoka upande wa kadi. Mzigo ukiwa mkubwa safari hizo zinafunikana na huzihisi. Mzigo ukiwa mdogo na kila nanosekunde ikihesabiwa, unazihisi zote.

Dawa yake ni kuipelekea kadi mzigo mlangoni. Badala ya kuandika namba ya mkia pekee, prosesa inaandika deskripta nzima, pengine na mwanzo wa pakiti, moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi. Kadi za ConnectX za Mellanox, kampuni iliyonunuliwa na NVIDIA mwaka 2020, huita mbinu hiyo BlueFlame. ENA ya Amazon inayo foleni iitwayo LLQ, ambako deskripta pamoja na vichwa vya pakiti, kwa kawaida hadi baiti 96 za vichwa, vinasukumwa kwenye kadi kabla haijaomba.

Lakini baiti 64 zikiandikwa nane nane kwenye anwani isiyo na kache ni ujumbe nane, kila mmoja na bahasha yake ya baiti 20 na ushee. Unahitaji uandishi wa kuunganisha, unaofupishwa WC kwenye msimbo. Ukiipachika anwani ya kadi kwa `ioremap_wc()` badala ya `ioremap()`, prosesa hukusanya maandishi kwenye bafa ya baiti 64, ikijaa inaondoka kama ujumbe mmoja. Nane zimekuwa moja. Nyaraka za DPDK kuhusu ENA zinasisitiza WC iwashwe, na ukiisahau hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Kila kitu kitafanya kazi, polepole.

WC ina masharti yake, na yote yanauma ukiyapuuza. Mpangilio haupo: bafa mbili zinaweza kuondoka kwa zamu yoyote. Usiache mashimo, kwa sababu bafa isiyojaa huondoka vipandevipande. Andika kuanzia mwanzo wa mstari wa baiti 64 hadi mwisho bila kuingiza kazi nyingine katikati. Ukimaliza, isukume bafa itoke kwa `wmb()`, maana bila hivyo inaweza kuchelewa ikingoja zaidi. Hapa kile kizuizi nilichokuambia ufute kina kazi halali. Rejesta za udhibiti ziache kwenye upachikaji wa kawaida, tenga kurasa. Na usisome kupitia anwani ya WC ukitarajia kasi, kwa kuwa hakuna kache inayokusaidia.

Usidhani pia kwamba kila prosesa itaunganisha kwa sababu tu umeomba. Mwaka 2024 kerneli ilibadilishwa upande wa arm64 ili `__iowrite64_copy` iandike vipande vyake vikifuatana bila kitu kingine kati yao, kwa asembli iliyoandikwa kwa mkono, maana kitanzi cha kawaida cha C kilikuwa hakiunganishwi vizuri kwenye baadhi ya prosesa. Intel nao waliamua kuacha kubahatisha: amri ya MOVDIR64B inapeleka baiti 64 kama kitu kimoja kisichogawanyika, na ARM wana ST64B kwa kazi hiyohiyo.

Angalia pia mlx4, draiva ya baadhi ya kadi hizo za ConnectX, inavyoamua. Ikiwa `xmit_more` inasema kuna nyingine nyuma, haitumii BlueFlame. Inaiacha deskripta kwenye pete bila kugonga. Kusukuma mlangoni ni kwa ajili ya pakiti ya pekee yenye haraka. Kwa fungu kubwa ni nafuu kadi ije kuchukua yenyewe.

7. Kila kiini na kengele yake

Foleni moja kwa viini vyote ina maana ya kufuli, na kuandika kwenye kadi ukiwa umeshika kufuli ni kuwaweka wenzako wote wakisubiri njia ya PCI Express. Kadi za leo zina foleni nyingi, basi zigawe. Ukikuta draiva ya zamani yenye `mmiowb()` kabla ya kufungua kufuli, ujue ilikuwa sahihi kwa wakati wake: kuna mashine ambako kengele za viini viwili zingeweza kufika kadini zikiwa zimepishana. Tangu toleo la 5.2 kazi hiyo inafanywa ndani ya `spin_unlock` penyewe, nawe hutakiwi kuiandika.

8. Pale ambapo lazima usome

Kidokezo cha kwanza kina upande wa pili. Kwa kuwa kuandika hakusubiri jibu, huna hakika ni lini kumefika. Kwa kengele hilo halina madhara. Kwa kuiwasha kadi upya lina madhara makubwa.

Mfano maarufu: unaandika biti ya kuanza upya, unaita `udelay(10)` kwa sababu kitabu cha kadi kinataka maikrosekunde kumi, kisha unaendelea. Saa yako imeanza kuhesabu tangu prosesa ilipokabidhi ujumbe, huku ujumbe wenyewe ukiwa bado umekaa kwenye daraja. Kadi imepata maikrosekunde pungufu. Suluhisho ni kusoma rejesta yoyote isiyo na madhara mara tu baada ya kuandika: sheria za PCI zinazuia ombi la kusoma lisiyapite maandishi yaliyotangulia, kwa hiyo jibu likirudi, kuandika kumefika. Draiva za e1000 zina makro ya kazi hiyo, na ndani yake hamna zaidi ya kusoma rejesta ya STATUS.

Fanya hivyo unapowasha upya, unapozima ukatizaji kabla ya kuachia kumbukumbu, na unapoifunga draiva. Kwenye njia ya pakiti, hapana.

9. Ndani ya mashine pepe bei zinabadilika

Kadi ikiwa ya kuigizwa, mfano e1000 ya QEMU, kila kuandika rejesta kunaitoa mashine pepe nje na kumkabidhi haipavaiza usukani. Kusoma na kuandika kunakaribia kugharimu sawa, na vyote ni ghali. Fungu hapa ni la lazima.

virtio, kadi iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, imekwenda mbali zaidi. Kwa kipengele cha EVENT_IDX, upande wa pili huandika kwenye kumbukumbu ya pamoja namba ya nafasi ambayo upande huo ungependa kuamshwa kwayo. Kama upande huo bado uko macho unashughulikia foleni, unaongeza tu mzigo bila kugonga kitu. NVMe, ambayo ni ya diski lakini ina shida zilezile, iliingiza wazo linalofanana na hilo kwenye toleo la 1.3 la mwaka 2017: nakala ya kengele kwenye RAM, na kengele halisi inaguswa pale tu inapobidi.

10. Pima, na umshuku mstari unaoonyeshwa

Ukiendesha `perf` usitegemee `writel` ijitokeze ikiwa imekiri kosa. Prosesa inaikabidhi kengele kwenye bafa ya uandishi na kuipita. Baada ya mistari michache inakuja amri ya kufuli, yenye kiambishi cha lock, na hiyo haiwezi kuendelea mpaka bafa imwagwe. `perf` itakuonyesha kufuli hilo kwa rangi nyekundu, nawe utatumia wiki nzima kurekebisha kufuli lisilo na hatia. Ukiona kufuli ghali lisilogombewa na mtu, tazama mistari iliyo juu yake kama kuna kengele.

Kwa jaribio la haraka, `pktgen` ya kerneli ina kigezo cha `burst`. Kiweke 1, pima, kisha 32, pima tena. Tofauti kati ya hayo mawili inakupa makisio ya gharama ya kengele zako. Pima pia upande wa pili, pakiti moja ikienda na kurudi, kwa kitu kama TCP_RR ya netperf. Mabadiliko yanayoongeza wingi huku yakirefusha safari ya pakiti ya pekee ni mabadiliko ya kujadiliwa kabla ya kusherehekewa.

11. Kadi ya gigabiti 100 si lazima

Kama uko chuoni na maabara haina kadi ya kisasa, QEMU inatosha kuanzia. Kadi ya e1000 inayoigizwa humo ni 82540EM, na kitabu cha Intel cha familia ya 8254x kiko wazi kwa umma. Mkia wa kutuma uko kwenye 0x3818, wa kupokea kwenye 0x2818, deskripta ni baiti 16. MIT wana zoezi la kuandika draiva ya kadi hiyo ndani ya mfumo wa xv6, na mahitaji yake yanapatikana bure. Utajifunza mpangilio, kengele na mafungu. Usichoweza kujifunza hapo ni gharama halisi ya PCI Express, kwa kuwa hakuna PCI Express.

Ukiipata kadi ya 82599, hata iliyotumika, soma ixy ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Ni draiva ya mistari kama elfu moja ya C, iliyoandikwa ili isomwe, na wenzao waliiandika upya kwa lugha nyingi nyingine, kuanzia Rust hadi Python. Kabla ya kuzama kwenye draiva kubwa za kampuni, anza na hiyo.

12. Fungua orodha ya kasoro za kadi kabla ya kujisifu

Kitabu cha kadi kinaeleza jinsi inavyopaswa kufanya kazi. Orodha ya kasoro inaeleza inavyofanya. Fungua draiva ya e1000e utafute `e1000e_update_tdt_wa`. Kwenye baadhi ya kompyuta za Intel, kile kiini kidogo cha usimamizi kilichomo kwenye ubao mama huweza kugongana na draiva wakati wa kuandika rejesta, na mkia ukaingia ukiwa umeharibika. Kwa hiyo draiva inasubiri kwanza kiini hicho kitulie, inaandika mkia, kisha inausoma tena papo hapo, kwenye njia ya pakiti, kinyume na kidokezo cha kwanza. Namba zikitofautiana, inazima utumaji, inaandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba kiini cha usimamizi ndicho kilichoharibu, na kupanga kadi iwashwe upya. Draiva hiyo waliiandika Intel wenyewe.